Miche Miwili Kasoro Kipande

Mvua ya Ludara haipigi hodi. Nilitoka Koboko mjini, Uganda, kwa bodaboda, asubuhi moja ya mwezi wa kumi, barabara ikiwa nyekundu na kavu, na kijana aliyenibeba alikuwa bado ananihakikishia kwamba lile wingu ni la Kongo na litaishia huko huko Kongo, matone ya kwanza yakatuchapa mgongoni. Tukajibanza kwenye duka la karibu, duka la mbao na mabati lenye kaunta ya ubao mmoja. Mabati yakavuma hata kusemezana kukawa kazi bure. Nikabaki kutazama vilivyo mbele yangu, kama atazamavyo mtu aliyezuiliwa na mvua: viberiti, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kula yaliyopimwa kwenye vichupa vya soda, na katikati ya kaunta, vimepangwa kama matofali ya nyumba ya watoto, vipande saba vya sabuni ya kufulia.

Mama mwenye duka alikuwa ameikata mwenyewe, kila mche vipande vinne. Kisu kilikuwa bado kina unga wa buluu kwenye makali. Pembeni yake alikaa bintiye, sare ya shule mwilini, daftari la hesabu wazi magotini, kalamu mdomoni. Mvua iliposhusha sauti kidogo nikauliza, kwa kutaka tu kusema neno, sabuni imebaki kiasi gani. "Saba," akasema binti bila kuinua kichwa. "Miche miwili kasoro kipande," akasema mama, wakati huo huo, majibu yakagongana hewani. Mimi kimoyomoyo nilikwisha sema: mmoja na robo tatu. Kijana wa bodaboda, alipoona tunamtazama na yeye, akasema anaona sabuni tu.

Tangu siku hiyo vile vipande havijanitoka. Si kwa sababu tulikosana. Tulikuwa tumesema jambo moja, wote watatu, na mizani yoyote ingetupa haki sawa. Ila kila mmoja alikuwa ameutazama ubao ule kutoka pembe yake. Binti alihesabu vilivyopo, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu kuku wakiingia bandani. Mimi mpita njia nilitafuta kizima kwanza, nikakikamata, kisha nikaokota mabaki. Mama alihesabu kile ambacho hakikuwapo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye nafasi tupu ya kipande cha nane, na kutoka hapo akarudi nyuma kuja kwenye sabuni. Mwenye mali ndivyo anavyohesabu. Kiswahili kimempa neno la kufanyia hivyo, nalo si neno la kila lugha: kasoro. Saa mbili kasorobo, tunasema, na hakuna anayehisi kwamba saa ina kilema. Neno lile lile tunalolitumia kwa kijana mzuri mwenye tabia mbovu tumelipa kazi ya kupima muda, na linafanya kazi zote mbili bila kulalamika.

Binti alikuwa na sababu ya kung'ata kalamu. Daftarini mwake palikuwa na safu ya namba zilizobebana, kubwa imepanda juu ya ndogo, na amri ya mwalimu kwamba zigeuzwe. Katika shule za Uganda lugha ya nyumbani hutawala madarasa matatu ya mwanzo, hapa Kikakwa, kule Arua Kilugbara. Kuanzia la nne mtoto huingia kwenye Kiingereza na mambo yote humfuata humo, pamoja na sehemu. Na Waingereza, sijui waliamkaje siku hiyo, namba ya namna hii wameiita improper, neno lile lile wanalomwitia mtu asiye na staha, kama aliyeingia msikitini na viatu. Mtoto anajifunza hesabu na papo hapo anaambiwa kwamba namba fulani haina adabu. Kosa lake ni lipi? Imezidi. Imekuwa na vipande vingi kuliko vinavyotosha kizima kimoja.

Vitabu vya hesabu vya Tanzania vinaiita sehemu guni, na hapo mimi, niliyelelewa na mashairi kabla ya kulelewa na hesabu, nilicheka peke yangu mvuani. Guni kwa malenga ni shairi lililovunja sheria: vina havikutani, mizani imepungua au imefurika. Neno hilo lilirushwa kama jiwe kwa miaka mingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, walikuwapo waliokataa katakata kuyaita mashairi, na wino mwingi ukamwagika. Leo Kichomi kinasomwa na ugomvi umebaki kuwa maswali ya mtihani. Ninachokipenda katika hesabu ni kwamba guni lake halihitaji kutetewa na mtu. Saba juu ya nne ni namba iliyokamilika katika kazi yake, inajumlishwa, inazidishwa, inagawanywa, na mara nyingi inafanya hayo kwa wepesi kuliko ndugu yake aliyevaa vizuri, namba mchanganyiko. Jaribu kuzidisha mmoja na robo tatu kwa mbili na theluthi bila kwanza kuzivua hizo namba nzima, utaona jasho.

Sikio langu, ambalo halijui kunyamaza, likasikia gunia ndani ya guni. Maneno haya hayana undugu ninaoujua, ni sauti tu zilizofanana, lakini mawazo hayaombi cheti cha kuzaliwa. Nikaikumbuka lumbesa. Kila aliyepita sokoni Tanzania au Kenya ameiona: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa nundu ya viazi au vitunguu, nundu ikafumwa kwa kamba, na mzigo wote bado unaitwa gunia moja. Tanzania sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo huikimbiza kila msimu, Kenya nako viazi vimewekewa kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, na nundu haziishi. Lumbesa ni sehemu guni iliyolazimishwa kujiita namba nzima. Mkulima amelima gunia na robo, analipwa gunia. Ile robo imesimama pale juu, kila mtu anaiona, na hakuna anayeitaja. Mtoto wa Ludara angetakiwa kuigeuza asahihishwe na mwalimu. Wafanyabiashara wakubwa hawana mwalimu.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ndogo, na nilimwona binti akiifanya mara alipoipata njia. Saba ukiigawa kwa nne unapata moja, inabaki tatu. Ile moja inakwenda kukaa mbele, ndefu, peke yake. Tatu inarudi kupanda juu ya nne. Ukitaka kurudi ulikotoka, nne mara moja ni nne, ongeza tatu, saba. Wazee wa pwani walifanya hivyo bila kalamu kwa karne nyingi, maana pishi ilikuwa vibaba vinne: mwanamke aliyepima vibaba saba vya mchele alijua ana pishi moja na vibaba vitatu, na haba na haba iliyojaza kibaba iliendelea mbele kujaza pishi, ingawa methali iliishia njiani. Kinachosogea katika safari hiyo yote ni namba ya juu, ambayo vitabu vyetu vinaiita kiasi. Ya chini haiguswi. Unakwenda na unarudi, nne ni nne. Na jina lake ni asili.

Sijui kama waliotunga istilahi hiyo walikaa wakaifikiria sana au ilikuwa siku ya kazi tu na chai imechelewa. Lakini wamepatia. Asili ndiyo inayosema kipande hiki kilikatwa kutoka kitu cha namna gani, vipande vingapi ndivyo vingekirudisha. Kiasi bila asili ni kelele: saba, sawa, saba za nini? Kipande cha sabuni mkononi mwa mnunuzi hakifanani na mche, hakina hata herufi zote za jina la kiwanda, kimebaki na silabi moja iliyokatwa katikati. Bado ni robo. Kinajua kilikotoka hata kama aliyekinunua hajawahi kununua mche mzima maishani mwake.

Na wengi hawajawahi. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka na ile alama ya usawa, vistari viwili ambavyo Robert Recorde, mganga wa Wales, alivitia kitabuni mwaka 1557 kwa kuchoka kuandika maneno yale yale. Nne juu ya nne ni moja, inasema alama. Nikamwuliza mama bei ya kipande, kisha bei ya mche. Kipande mara nne kiliuzidi mche, si kwa kiasi kikubwa, lakini kiliuzidi. Sikumwona mwizi. Kisu kinakula unga, wadaiwa wanakula faida, na nauli ya kufuata mali Koboko au Arua lazima itoke mahali. Duka lingine lolote la kijijini, kutoka hapa hadi Mtwara, linafanya hesabu hiyo hiyo: sukari kwa kifungo, mafuta kwa kipimo cha kijiko, sigara moja moja. Mwenye fedha ananunua namba nzima. Asiye nazo anaishi katika sehemu guni: mwisho wa mwezi ametumia vipande saba, tisa, kumi na kimoja, miche miwili na zaidi, na amelipia mitatu. Hesabu ya shule inasema ameshika kitu kile kile. Mkononi, pengine. Mfukoni, hapana.

Mto Naili uko mashariki ya hapa, ndio ulioipa nchi hii jina lake la West Nile, na maji yake yakiendelea kushuka hufika kwa watu waliowahi kulifikiria sana jambo hili. Mwandishi mmoja wa Misri aitwaye Ahmes, yapata miaka 1,550 kabla ya Kristo, alinakili katika mafunjo maswali ya kugawa mikate kwa watu kumi. Wamisri hao hawakuwa na sehemu guni kabisa. Ukiacha theluthi mbili, waliandika sehemu zenye moja tu juu, nusu, theluthi, robo, humusi na kuendelea, na zisizorudiwa. Mikate sita kwa watu kumi: kila mtu nusu mkate na sehemu ya kumi. Saba juu ya tano wangeiandika moja, na theluthi, na sehemu ya kumi na tano. Inaonekana ni kujitesa. Lakini fikiria mgawaji aliyesimama mbele ya watu kumi wenye njaa: kwa njia hiyo kila mmoja anapata vipande vyenye ukubwa ule ule alioupata jirani yake, na hapana wa kusema mwenzangu amepewa kizima nami nimepewa makombo. Kuna hesabu zinazopendeza daftarini na kuna hesabu zinazozuia ngumi.

Hesabu hiyo ya pili Waislamu wanaijua kwa jina lake. Koboko na Yumbe adhana haiko mbali na njia yoyote, na palipo na Waislamu pana mirathi. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala mzazi. Ameacha mume na dada zake wawili wa tumbo moja na baba mmoja. Mume fungu lake ni nusu. Dada wawili fungu lao ni theluthi mbili. Fanya hesabu kwa sita: mume tatu, dada nne. Saba juu ya sita. Mali ni moja, haki zilizotajwa zimeizidi mali. Hii si sehemu guni ya zoezi la darasa la tano, huwezi kumwambia mtu achukue "moja nzima na sudusi" ya shamba ambalo ni moja. Khalifa Umar bin Khattab, kwa kushauriana na masahaba, alikata kwamba hesabu ihamishwe kutoka sita kwenda saba: mume tatu juu ya saba, dada nne juu ya saba, kila mmoja akapunguka kwa kadiri ya fungu lake na hakuna aliyetoka mikono mitupu. Wanazuoni wanaiita aul. Sahaba Ibn Abbas hakukubali, na hoja zake zinasomwa hadi leo. Linalonishika mimi ni msamiati: ile sita, ile namba ya chini, katika fani ya mirathi nayo inaitwa asili ya mas'ala. Asili, tena. Shuleni asili haiguswi na kiasi ndicho kinachohamahama. Msibani kiasi ndicho haki, hakiguswi, kwa hiyo asili yenyewe inapandishwa ili wote wapate pa kukaa.

Sikutaka kwenda kwenye ramani, lakini ukisimama Ludara ramani inakujia yenyewe. Wilaya ya Koboko ndiyo kona ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Wakakwa wako pande zote tatu: hapa Koboko, kule Yei, na kule Aru. Nchi hii iliwahi kuwa kipande cha eneo la Lado, alilopangishwa Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Alipokufa mwishoni mwa 1909 kipande kikarudi Sudan, na mwaka 1914 Waingereza wakakihamishia Uganda, kutoka daftari moja kwenda jingine. Sisemi Wakakwa walikatwa theluthi tatu, maana mikasi ile haikuwa na rula. Halafu vipande vikaendelea kukatwa: Koboko ikatolewa Arua na kuwa wilaya mwaka 2005, Arua yenyewe ikatangazwa jiji mwaka 2020, na majirani kadhalika. Na ndani ya mistari hiyo watu wakawa ndio kiasi, wanaovuka kwenda na kurudi. Baada ya 1979, Amin alipoanguka, watu wa West Nile kwa maelfu walikimbilia Kongo na Sudan. Mwaka 2016 vita vya Yei viliwaleta wengine upande huu, wakaingia Koboko wakiongea lugha ambayo mwenyeji hakuhitaji kutafsiriwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema. Lakini huyu jembe lake na lako yana jina moja.

Hata Kiswahili tulichokuwa tunakizungumza pale dukani kilikuwa kimepita hivyo, kipande kutoka kambi za askari, kipande sokoni, kipande kimevuka kutoka Kongo kikiwa na vumbi la kule. Mama aliniambia nikinunua vipande vitatu atanipa matabishi. Nyongeza, mimi ningesema. Mvua ya Kongo na neno la Kongo, asubuhi moja.

Ilianza kupungua. Nikamwuliza kile kipande cha nane kilikwenda wapi. Akavuta kutoka chini ya kaunta daftari jingine, chafu kuliko la bintiye, akafungua katikati. Mali bila daftari huisha bila habari, na yeye habari zake zilikuwa mistari kadhaa ya penseli: jina, sabuni, kimoja. Hakunionyesha jina, alilifunika kwa kidole gumba, nami nikaona aibu kwa kuuliza. Kwa hiyo hakikuwa kasoro ya kweli. Kilikuwa kimeandikwa. Kilikuwa nyumbani kwa mtu, pengine kimekwisha yeyuka kwenye beseni, na bado kilikuwa cha mama mwenye duka.

Akaja mtoto mdogo mbio, jani la mgomba kichwani, sarafu ngumini. Akasema alichotumwa, kwa sauti ya mtu aliyekirudiarudia njia nzima asikisahau: nusu ya kipande. Mama akachukua kimoja katika vile saba, akaweka kisu katikati, akakiegemea kwa kiganja. Kikakatika kwa mlio mkavu. Nusu moja akaitia kwenye kipande cha gazeti, nyingine akairudisha kwenye safu, fupi kuliko wenzake, mwishoni.

"Sita na nusu," nikasema.

Binti akaitazama kaunta, akalitazama daftari, akatoa kalamu mdomoni. Nilimwona akinyooshea kidole kila kipande mara mbili, kama anavikata vyote kwa macho.

"Kumi na tatu," akasema.

Mama alikuwa anafuta kisu kwa ukingo wa kitenge. Nje kijana wa bodaboda alikwisha ipiga pikipiki teke, ikawaka mara ya tatu.